Bibi Alikuwa na Miaka Mingapi?

Maswali ya wasomaji. Anajibu Mwalimu mstaafu, Lindi.

Swali

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, ila kwetu ni Lindi, ndani ndani huko upande wa Mtama. Bibi yangu mzaa mama alifariki Novemba 2024. Sasa tunajiandaa kumsomea hitima ya mwaka, na ukoo mzima umenitupia mimi kazi ya kuandika wasifu wake, eti kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Nimekwama pawili.

Kwanza ni umri. Mjomba mkubwa, ambaye ni mtoto wa kwanza wa Bibi na ndiye mwenye kauli kwenye ukoo wetu, anasema Bibi kafa na miaka 115. Fundi wa kibao cha kaburi ameshapewa namba hiyo. Ushahidi wa Mjomba ni kwamba Bibi alikuwa akitusimulia vita vya Mahiwa, vya Mjerumani na Mwingereza: "Tulikimbia na vyungu vichwani, tukalala porini siku nne tunasikia mizinga, mtoto akilia anazibwa mdomo." Kitambulisho cha Bibi kinasema 1 Julai 1922. Mama anasema vyote viwili si kweli, lakini ukimuuliza kweli ni ipi ananyamaza.

Tunayoyajua kwa uhakika ni machache. Mjomba mkubwa alizaliwa mwaka ambao Bibi aliuita wa matrekta. Mjomba wa pili alikuwa ananyonya kilipopiga kimbunga cha zamani. Hilo tulilisikia Aprili 2019, lilipopita gari la matangazo kuhusu kimbunga Kenneth. Sisi tunafunga mizigo, Bibi kakaa kizingitini, hatoki. Akasema kimbunga anakijua, kilimkuta na mtoto titini, paa lake likaruka likatua kwenye mihogo ya wifi yake, na wifi akataka alipwe mihogo. Mama mdogo, kitinda mimba, ana kadi ya kliniki ya mwaka 1970.

Pili ni maneno yenyewe. Kaka yangu ameandika hivi: "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mcheshi na mpenda watu. Ameacha watoto 5, wajukuu 31 na vitukuu 54." Anasema inatosha, watu wana njaa. Mimi nilitaka kuongeza kwamba Bibi alikuwa nyakanga, yaani kungwi mkuu wa unyago, wasichana wa vijiji vingapi sijui wamepita mikononi mwake. Shemeji yangu ni ustadhi, anasema mambo ya unyago yasitajwe penye Kurani. Halafu kuna picha: kijana wa studio ametutengenezea bango la Bibi, amemng'arisha uso mpaka chale zake za kwenye paji zimetoweka. Mama kaliona akauliza, "Nani huyu?"

Mengine ni madogomadogo, sidhani kama yanafaa. Bibi alibangua korosho akauza stendi mpaka macho yalipomkatalia, vidole vyake vilikuwa vyeusi visivyotakata. Mwaka 1974 walihamishiwa kijiji cha barabarani, lakini kila msimu alirudi kwa miguu mahameni kuokota korosho kwenye mikorosho yake kumi na miwili. Alijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, Mama mdogo akiwa mgongoni, na kila Idi alikuwa analiandika upya jina lake juu ya mlango kwa chaki. Wadeni wake hakuwaandika. Kila mdeni alikuwa na kifuu chake dirishani, na kila kikombe cha korosho alichokopa kilitiwa punje moja ya mbaazi. Siku aliyokufa vifuu vitatu vilikuwa bado vina punje. Vina alama za kisu ambazo sisi hatuzielewi.

Naomba unisaidie, hitima imekaribia.

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni. Mwaka si muda wa kumzoea mtu kutokuwepo.

Tuanze na hesabu, maana hiyo ndiyo nyepesi. Miaka 115 ukiitoa kwenye 2024 unapata 1909. Sasa mchukue Bibi kutoka 1909, utembee naye taratibu. Matrekta ni ya ule mpango wa karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, ambao huku kwetu ulikwenda kung'oa misitu ya Nachingwea. Kwa hiyo Mjomba mkubwa ni mtoto wa miaka hiyo, na mama yake angekuwa anagonga arobaini ndiyo kwanza anazaa mimba ya kwanza. Kimbunga cha zamani ni cha Aprili 1952, kile kilichoivunja Lindi. Angekuwa na miaka 43, ananyonyesha wa pili. Haya, tuseme Mungu hashindwi. Halafu mwaka 1970 anajifungua kitinda mimba akiwa na miaka 61. Hapo, mwanangu, hata mkunga angetupa beseni akakimbia.

Kitambulisho nacho kisikutie shaka. Wazee wengi ninaowafahamu wamezaliwa 1 Julai, waliobaki 1 Januari, utadhani wakunga wa zamani walifanya kazi siku mbili tu kwa mwaka. Karani anamwona mama mtu mzima, anakisia mwaka, anaweka tarehe ya kujazia fomu. Ile 1922 haichekeshi kama 1909, lakini inamfanya Bibi awe amekaa hadi miaka 25 au 26 bila mtoto. Kwa msichana wa zama zile aliyekwisha kuchezwa unyago, hilo lingekuwa jambo la kusemwa kisimani kila siku, na nyinyi mngelisikia mpaka leo.

Ihesabu kwa kurudi nyuma. Mjomba wa pili ananyonya Aprili 1952, basi kazaliwa 1950 au 1951. Mjomba mkubwa kamtangulia miaka miwili hivi, tuseme 1948 au 1949, na hapo matrekta yapo, hesabu inakubali. Mama wa kwanza zama hizo alikuwa na miaka 16 hadi 18. Bibi amezaliwa kati ya 1930 na 1933. Mwaka 1970 alikuwa anakaribia arobaini, umri wa kitinda mimba kabisa. Amefariki akiwa na miaka kama 92. Kama ilikuwapo mimba ya kabla ya Mjomba iliyoharibika au mtoto asiyekaa, na mama yako huenda analijua hilo ndiyo maana ananyamaza, ongeza miwili au mitatu. Muulize mkiwa wawili tu.

Sasa vita vya Mahiwa. Mjomba hasemi uongo, wala Bibi hakusema uongo. Mapigano ya Mahiwa yalikuwa Oktoba 1917, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck kwa upande mmoja na jeshi la Mwingereza kwa upande wa pili, huku wanaouana wengi wakiwa Waafrika: askari wa Mjerumani, askari wa KAR (jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), na Wanigeria walioletwa kutoka ng'ambo ya bara. Yalipiganwa siku nne. Siku nne hizohizo za Bibi! Masimulizi yake yalikuwa sahihi kwa siku. Kilichowapoteza ni lile neno "tulikimbia."

Wazee wetu wa kusini "sisi" yao ni ya ukoo. Babu yangu mzaa baba, mtu wa Kipatimu, alikuwa akisimulia Maji Maji hivi: "Tulipoyanywa yale maji tukaambiwa risasi zitageuka matone." Ananisimulia huku anaonyesha kooni, maji yalivyopita. Mimi mtoto naamini. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikapiga hesabu nikaona vita ilianza 1905 na Babu alizaliwa baadaye. Aliyekunywa ni baba yake. Lakini hakuwahi kusema "baba alikunywa," maana aliona ni kama kumwacha baba yake peke yake pale mbele ya bunduki. Vyungu vya Mahiwa vilikuwa kichwani kwa mama yake Bibi, na mtoto aliyezibwa mdomo pengine ni dada au kaka yake Bibi ambaye hamkuwahi kumwona. Liandike hivyohivyo kwenye wasifu: kwamba Bibi alikuwa akisimulia alivyokimbia mama yake, na alisema "tulikimbia."

Kumwambia Mjomba ni kazi nyingine. Usiende kumsahihisha. Mjomba wa kikwetu hasahihishwi na mtoto wa dada yake, na akisahihishwa mbele ya watu ataishikilia 115 mpaka naye afukiwe nayo. Nenda na mama yako, mchana, akishakula, watoto wake wasiwepo. Mwambie, "Mjomba, kwenye wasifu tunataka na nyinyi watoto muwemo. Wewe ulizaliwa mwaka gani?" Atasema kwa kujivuna 1948. Andika. "Na mdogo wenu wa mwisho?" Atasema mwenyewe 1970. Andika chini yake. Halafu mpe karatasi aikague, umwombe na umri wa Bibi aujaze yeye kila alipojifungua. Nyamaza, kunywa chai yako. Akigoma, msigombane. Kwenye kibao wekeni tarehe ya kufariki peke yake, na kwenye wasifu andika: alizaliwa zama za Mwingereza, na kimbunga cha 1952 kilimkuta na mtoto wa pili titini. Ila umuwahi fundi. Saruji ikishakauka ndiyo imekwisha.

Sasa hayo maneno ya kaka yako. Nayajua, niliwahi kuyaandika mimi mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde. Alipofariki mwaka 1986 mimi nilikuwa mwalimu kijana, nina kalamu mbili mfukoni, nikapewa kazi kama uliyopewa wewe. Nikaandika mchapakazi. Nikaandika mcheshi. Mpenda watu nikaiandika mara mbili kwa maneno tofauti. Nikasimama nikasoma kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza, mama mmoja jirani, mzee wa makamo ya marehemu, akanivuta shati: "Mwalimu, huyo uliyemsoma ni nani? Mbona mimi simjui?"

Akanikalisha chini. Kule juu mvua ikinyesha inazama mchangani, hakuna mto wala kijito. Siku bomba lisipotoa, na zilikuwa nyingi, wanawake walishuka bondeni usiku jogoo la kwanza, wakapanda genge na mitungi kichwani jua likichomoza. Akaniambia bibi yako alipokuwa anapanda na mtungi wake, kama kuna nyumba yenye mzazi ndani ya arobaini, alisimama mlangoni, hatui mtungi, anainamisha shingo kidogo, mtu wa ndani anachota kata moja juu ya kichwa chake. Kata moja tu, kila alfajiri, siku arobaini. Haingii ndani, hasemi neno zaidi ya hodi. Yule mama alikuwa amechotewa kwa watoto wake wote saba. Mimi nimelelewa na bibi yule, nimekunywa maji ya mtungi ule, na sikulijua hilo. Nilikuwa nimekwisha kusoma karatasi yangu na watu wanakula.

Kwa hiyo futa mcheshi, futa mchapakazi. Halafu rudi kwenye barua yako mwenyewe, pale uliposema ni madogomadogo. Umeshaandika wasifu bila kujua, umeuweka mwishoni kwa haya.

Vidole. Waeleze watu wasiobangua kwa mkono, maana siku hizi watoto wa mjini wanadhani korosho inaota nyeupe. Sema alivyokaanga kwenye bati mpaka maganda yanashika moto, moshi unaokata pumzi, yale mafuta ya ganda yanavyochuna ngozi, majivu aliyopaka mikononi kabla ya kugonga. Ganda moja baada ya jingine, mpaka kikombe kijae.

Mikorosho kumi na miwili ya mahameni nayo usiipite haraka. Watu wakihamishiwa vijijini, mikorosho haikuhama nao. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000 za korosho. Kufika 1986/87 hazikutimia hata 20,000. Wataalamu wanataja bei ndogo, wanataja ugonjwa wa ubwiriunga, na wanataja umbali wa watu na mashamba yao. Bibi yako alikuwa anautembea umbali huo kwa miguu. Tafuta mjukuu mmoja aliyewahi kwenda naye, akuambie walitoka saa ngapi, walibeba nini cha kula (nadhani ming'oko, mizizi ile ya porini, ya kuchemsha, ila usiandike nadhani yangu), na Bibi akifika alianza na mkorosho upi. Watu wenye miti michache huwa wana mmoja wanaouamkia kwanza.

Kisomo: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na huyo kitinda mimba ni wa mwaka huohuo. Kadi ya kliniki na chaki ya Bibi ni za wakati mmoja. Kama jina lake bado lipo juu ya mlango, lipige picha leo, kabla mtu hajaona heri apake chokaa kwa ajili ya wageni wa hitima.

Halafu kuna majina. Huku kwetu mtu alikuwa na jina la utotoni, akichezwa akapewa jingine, na la dini. Yaandike yote. Wale waliochezwa naye, kama yupo aliyebaki, hamwiti kwa hilo mnalolijua nyinyi, na wasiposikia jina lao watakuwa kama mimi na yule mama wa Newala: huyo anayesomwa ni nani?

Shemeji yako ustadhi nampa nusu ya haki. Yaliyosemwa kumbini hayasemwi barazani. Si kwa sababu ya Kurani tu, Bibi mwenyewe asingekubali wanaume wayasikie. Nyimbo zisiandikwe. Lakini kusema kwamba alikuwa nyakanga ni kusema kazi yake, kama mwingine anavyosemwa alikuwa karani au dereva. Mwambie shemeji kwa upole kwamba wake za watu watakaokaa mkekani siku hiyo, na pengine mama yake mzazi, walitolewa na Bibi. Andika sentensi tatu: miaka ya kuanzia hadi kuacha, vijiji alivyoitwa, na tabia yake moja kwa wanawali aliowafunda. Basi. Usiku, wageni wa kiume wakishaondoka, wanawake watamsomea wasifu wao jikoni bila karatasi. Huo wewe nenda kausikilize, usiurekodi.

Bango sina mjadala nalo. Mrudishieni kijana wa studio, aweke picha kama ilivyotoka kwenye simu. Zile chale mtu alilala chini zikachanjwa, zikatiwa mkaa, akajikaza asilie mbele ya wenzake. Hakujikaza ili uje kuzifuta wewe kwa kidole kwenye kompyuta.

Na vile vifuu vitatu umeniachia usingizi mbaya. Msibani huwa tunatangaza, anayemdai marehemu na anayedaiwa ajitokeze. Mlitangaza? Chukua vifuu vyenyewe, usipige picha, peleka stendi kwa waliokuwa wanauza pamoja naye. Alama za kisu ambazo nyinyi hamzielewi, kuna mtu alikuwa anakaa hatua mbili kutoka kwake kila siku anazitazama. Suala si punje zilizobaki, japokuwa deni ni deni na sasa ni la warithi. Mtu aliyekuwa anakopeshwa na Bibi ana mambo ya kusimulia ambayo wajukuu 31 hawana.

Swali

Mwalimu shikamoo. Mimi niko Tandahimba. Bibi yangu yu hai, amepita miaka 85, akili timamu. Kila nikikaa naye na daftari nimwandike habari zake ananijibu, "Hayo ya nini?" au anasema hakumbuki. Lakini akiwa na wenzake anasimulia mpaka usiku. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba. Daftari ndilo linalomfunga mdomo. Mtu wa rika lake alizoea kwamba anayekuja na daftari ametumwa kuhesabu mikorosho, kuku, au kodi.

Acha daftari, chukua ungo. Kaa upembue naye mbaazi, au mpelekee ming'oko mkamenye pamoja, na usiulize mwaka wala tarehe. Uliza kitu. "Bibi, ile sufuria yenye kiraka ilitoka wapi?" Sufuria itakupeleka kwa fundi wa viraka, fundi atakupeleka kwa mume wa kwanza ambaye nyote hamkujua kama alikuwepo. Uliza njia pia: zamani kabla ya daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa 2003 mtu akienda Dar wakati wa masika ilikuwaje? Wazee wa kusini ukiwagusa kwenye pantoni ya Ndundu hawanyamazi, kila mmoja ana siku alizokwama na matope yaliyofika gotini.

Simu iweke wazi juu ya mkeka umwambie inasikiliza. Mara ya kwanza ataisemea kama redio, atasalimia taifa zima. Mara ya tatu atakuwa ameisahau. Na akikuambia "hilo sisemi," zima.

Nyongeza

Ukurasa huu ukiwa tayari kwenda kuchapwa, yule mama wa watoto watatu ameniletea ujumbe. Ameniruhusu niuweke hapa.

"Mwalimu, vifuu tumevijua. Tulivipeleka stendi, mama muuza maandazi akavisoma vyote vitatu bila kuvishika. Cha kwanza ni cha muuza samaki, kalipa palepale, akaongeza na mafungu mawili ya dagaa, akasema Bibi alikuwa akimkopesha mwezi wa Ramadhani tu. Cha pili ni cha jirani ambaye naye ameshafariki, watoto wake wanasema watalipa mbaazi zikivunwa. Cha tatu ni cha Mjomba mkubwa. Punje kumi na saba. Tulimpelekea kifuu chake nyumbani, akakiweka magotini akakaa kimya sana. Mwishoni akasema mama yake alikataa kumpa korosho za bure tangu alipooa. Nikaona nafasi ndiyo hiyo, nikamuuliza habari ya kibao. Akasema fundi hajapata saruji."